Umbali wa Lori la Mbele

Siku walipokutana, watu walikuwa wanataka kuua mtu. Lori la mchanga lilishindwa kusimama kwenye makutano ya sokoni, likaligonga gari dogo kwa nyuma, na kabla vumbi halijatua umati ulikuwa umeshamchomoa dereva kwa ukosi wa shati. Ngumi na mateke vikamshukia. Fundi wa kamera, msichana mwenye gauni la manjano na raba nyeupe, alikuwa ametoka kununua nyaya. Alibanwa kwenye kibanda cha viatu, asijue pa kupita.

Ndipo akamwona mwanaume mrefu, shati la buluu limekunjwa mikono, akipenya kwa viwiko. Alimlalia yule dereva akamfunika kwa mwili wake. Tofali likampasua juu ya jicho, naye hakuondoka mpaka polisi walipofika.

"Ni ndugu yako?" fundi alimuuliza, akimkandamizia mtandio wake kwenye jeraha.

"Simjui hata jina."

"Sasa umepasuliwa kwa ajili ya nani?"

"Na mimi ni dereva, dada. Breki zikikukataa, hazikuulizi tabia yako. Mtandio wako unaharibika."

"Nyamaza, unavuja damu."

"Haya, nimenyamaza. Ila nipe namba ya simu, nijue pa kuurudisha."

Wenzake walimwita Chuma. Alipiga jioni ileile, na kesho yake, na keshokutwa, mpaka mama mtu akauliza huo mtandio unarudishwa kwa vipande. Kampuni aliyofanyia kazi fundi ilipotafuta dereva wa majaribio, akamtaja yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Malori mawili yanafuatana karibu karibu. Kamera kwenye lori la nyuma inazitazama taa mbili za lori la mbele: zikionekana kuachana, lori liko karibu, zikionekana kubanana, liko mbali. Mashine inapiga hesabu, na lori la nyuma linafunga breki lenyewe. Chuma aliendesha la mbele. Kwenye la nyuma alikaa kaka yake fundi, mtu wa mabega mapana na maneno machache.

"Kwa hiyo kutwa nzima unanitazama mgongo," Chuma alimtania simuni.

"Natazama taa, mpenzi. Mgongo ni nyongeza."

"Na ukikosea hesabu?"

"Nikikosea kwa upana wa kiganja, hakuna neno. Nikikosea kwa urefu wa mtu, nimekuua."

Fundi alicheka, lakini jambo lenyewe halikumchekesha. Alikuwa ameshagundua kwamba lami ikilowa na jua likiwa chini, taa hung'aa barabarani pia, na kamera hudhani lori liko mbali kuliko lilivyo. Alimwambia meneja waziwazi, kaka yake akiwa pembeni: "Barabara ikilowa, msiwashe mashine. Nipeni muda nirekebishe." Meneja akaitikia kwa kichwa.

Mvua ikanyesha. Asubuhi yake fundi alikuwa amempeleka mama hospitali kupimwa presha, simu ikalia.

"Mdogo wangu," kaka alisema, akihema. "Nimemgonga Chuma."

Wageni walikuwa wamefika kuitazama mashine, na meneja hakutaka warudi bure, akaagiza iwashwe. Lori la nyuma, badala ya kupunguza mwendo, liliongeza. Kaka alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, muda umeshapita. Lilisukuma lori la mbele hadi kwenye ukuta wa zege, kichwa cha lori hilo kikakunjika kama kopo. Chuma alitolewa kwa msumeno, mbavu zimevunjika, mdomo umejaa damu.

Meneja ndiye aliyetangulia kitandani kwake hospitalini. "Fundi wako ndiye aliyesema barabara iko salama," alimwambia.

Fundi alipopiga, Chuma alipokea mara moja tu. "Ulijua, ukaniacha niende. Usinipigie tena."

"Chuma, nisikilize kwanza."

Simu ikakatwa.

Mbavu zilipoanza kuunga, Chuma alikuja karakana ya kampuni na nondo mkononi. Hakumsalimu mtu. Alivunja kamera ya kwanza, akavunja ya pili, vioo vikamwagika sakafuni. Kaka akamrukia. Waligaragara kwenye oili na vipande vya vioo wakipigana kama watu wasiowahi kuitana shemeji. Kaka akang'oka jino, Chuma akapigwa palepale pa mbavu mpaka akalia. Alipojinyanyua aliinua nondo juu ya kichwa cha kaka. Fundi akajitupa katikati. Nondo ikamshukia mkononi, na wote wakasikia mfupa ukivunjika.

Nondo ikaanguka.

"Nilimwambia meneja asiwashe," fundi alisema, amekaa chini, jasho linamtiririka. "Kaka alisikia."

"Nilisikia," kaka alisema, akitema damu. "Siku ya ajali meneja akaniambia redioni kwamba fundi amesharekebisha. Nikamwamini."

Chuma aliitazama nondo, kisha mlango wa ofisi ya meneja.

"Ukienda huko," fundi alisema, "nitakuwa nimevunjwa mkono bure. Ungeniuliza tu. Mwanaume anayeuliza kwa nondo simtaki."

Hakwenda. Alimbeba hadi hospitali, mbavu zikimchoma kila hatua, kisha akajipeleka mwenyewe polisi. Alilala mahabusu mpaka fundi aliposema hataki kesi. Kaka na fundi walieleza yote mbele ya wenye kampuni, na meneja akafukuzwa. Lakini Chuma alipopiga simu, fundi alikuwa anaiangalia ikilia mpaka inanyamaza.

Siku moja akaipokea.

"Sina la kujitetea," Chuma alisema. "Nataka kukuoa, na najua sistahili."

"Kuoa baadaye. Njoo kwanza umwone mama. Na uje mikono mitupu."

Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, amenyoa, kovu jeusi juu ya jicho. Mama mtu alimsimamisha mlangoni, asimkaribishe.

"Ni mkono upi uliomvunja mwanangu?"

Chuma akaunyoosha wa kulia.

Mama akaweka kisu kidogo kwenye kiganja hicho, akamsogezea beseni la viazi. "Mwanangu hawezi kumenya, na wewe unajua kwa nini. Kaa chini, baba. Anza."