Bolti Chini ya Kuku

Likizo ile, kila asubuhi Kija alifagia uwanja wa nyumbani, akanywa uji wake, kisha akaenda kwenye karakana ya mjomba wake, Machibya, iliyokuwa Igoma kando ya barabara ya Musoma. Kazi yake ilikuwa kushika ufunguo wa stoo. Mtunza stoo alikuwa amekwenda kujifungua, na mjomba aliona kwamba mtoto wa darasa la sita, anayejua hesabu na asiyesinzia mchana, anatosha mpaka mama huyo atakaporudi.

Karakana ilitengeneza vitanda vya chuma. Fundi Okech, mtu wa Mara, alikata mabomba na kuyachomelea. Dada Justa alipaka rangi. Mjomba Machibya aliunganisha vipande na kukaza bolti. Kitanda cha ghorofa kilihitaji bolti ndefu nane. Okech alizihitaji pia, kwa kujaribu kama vipande vinakutana, na Justa alizihitaji kufunga ngazi baada ya rangi kukauka. Kwa hiyo wote watatu walikwenda dirishani kwa Kija kuomba kitu kilekile.

Mjomba alipenda kusimulia miaka ya uhaba, kabla Kija hajazaliwa. Watu walipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, na mtu akiona foleni aliingia kwanza, kisha ndipo akauliza kinauzwa nini. Aliyepata sukari aliificha uvunguni, hata jirani asiisikie ikimwagwa kwenye kopo. Miaka hiyo ilikuwa imepita. Sasa biashara ilikuwa huru na maduka ya mjini Mwanza yalijaa bidhaa mpaka barazani. Maduka yalibadilika upesi, lakini mikono ya watu haikubadilika kwa kasi hiyo.

Katika wiki yake ya kwanza, Kija aliona boksi la bolti likipungua haraka. Aliogopa kuambiwa kwamba bolti zimeisha mikononi mwake. Akajaza bolti kwenye kopo la maziwa ya unga, akalizika ndani ya gunia la pumba za mbao. Mjomba alipouliza zimebaki ngapi, Kija alimtajia zile za kwenye boksi tu. Alijiambia kwamba hakuiba, ameweka akiba. Ni kweli hakuiba, lakini jibu lake lilikuwa la uongo.

Uongo huo ulifanya kazi bila kupumzika. Okech aliposikia bolti ni chache, aliomba konzi moja, akaondoka na mbili. Justa alipouona mfuko wa Okech umevimba, naye akaomba zaidi ya mahitaji yake. Kadiri boksi lilivyoonekana tupu, ndivyo kila mtu alivyochukua zaidi, na kadiri walivyochukua zaidi, ndivyo boksi lilivyozidi kuwa tupu. Mjomba alinunua boksi lingine, kisha lingine. Alisema hajawahi kuona vitanda vinavyokula bolti kama mchwa anavyokula mlingoti.

Ndipo ikaja oda ya Sista, mkuu wa bweni la shule moja ya wasichana huko Sengerema. Alitaka vitanda thelathini vya ghorofa kabla shule hazijafunguliwa Jumatatu. Lori lingevichukua Jumamosi alfajiri, lipite Mkolani mpaka kwenye kivuko. Sista alikuwa mpole lakini hakuzunguka maneno: vitanda visipofika Jumamosi, atanunua vile vya kukunja vinavyoletwa kutoka nje, ambavyo siku hizi vinauzwa kila kona. Mjomba naye aliwaambia wenzake wazi kwamba oda hiyo ikipotea atafunga karakana.

Ijumaa asubuhi vipande vyote vilikuwa vimechomelewa na kupakwa rangi ya buluu. Boksi la bolti lilikuwa tupu. Mjomba alipanda baiskeli akaenda mjini, akarudi mchana na vumbi mpaka kwenye kope. Kila duka lilimpa habari moja: mvua imekata reli, na mzigo kutoka Dar es Salaam umekwama njiani. Mwenye duka mmoja alimweleza kwamba asingeishiwa kama si bwana fulani wa Igoma, aliyekuwa akinunua bolti ndefu kwa maboksi tangu mwezi uliopita. Mjomba aliuliza ni nani huyo mwenye choyo. Mwenye duka alimtazama tu.

Okech alipendekeza wafunge vitanda kwa waya. Walifunga kimoja, na mjomba akapanda juu ili akipime kwa haki. Kitanda kilivumilia kwa muda wa kupumua mara moja, kisha kikajikunja polepole kama mtu anayepiga magoti, na mjomba akabaki katikati, miguu ikielekea angani.

"Sista alitaka vya kukunja," Justa alisema. "Hiki kinajikunja chenyewe."

Hakuna aliyecheka sana. Mjomba alijitoa kwenye mabomba, akajipangusa, akasema kwamba kesho atapanda lori tupu mpaka Sengerema, amwambie Sista anunue anakotaka. Jumatatu kila mtu atafute shughuli nyingine.

Kija aliwatazama. Okech alikuwa na watoto wanne. Justa alimsomesha mdogo wake. Aliingia stoo, akachimba pumba za mbao, akarudi na kopo amelikumbatia kwa mikono miwili.

"Mjomba," alisema, "bolti hizi nilizificha mimi. Ulipouliza sikukwambia ukweli."

Mjomba alifungua kopo. Zilitosha vitanda vichache, hazikukaribia hata robo ya oda. Kija alisubiri kugombezwa, lakini hakuna aliyemtazama. Mjomba alikuwa akitazama paa. Justa alikuwa akikagua kucha zake. Okech alikohoa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Huyu mtoto ametuaibisha," Okech alisema mwishoni. "Nipisheni niende kwa kuku."

Nyuma ya karakana, ndani ya karai bovu, kuku wa Okech alikuwa akiatamia. Kila mtu alijua kwamba kuku yule ni mkali, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekaribia karai lile kwa wiki mbili. Okech aliingiza mkono chini yake kwa adabu, akambembeleza kwa Kijaluo. Kuku hakubembelezeka. Alimdonoa kiganjani, akamdonoa kwenye kiwiko, na alipoinama zaidi akamdonoa sikio. Hata hivyo bolti zilitoka, konzi baada ya konzi, zikiwa na joto. Katika moja ya konzi hizo lilitoka na yai, akalirudisha, akadonolewa tena.

"Fundi, zingekaa siku chache zaidi zingeanguliwa nati," Justa alisema.

"Cheka," Okech alijibu akishika sikio. "Na zako ziko wapi?"

Justa aliacha kucheka. Alikwenda kwenye kona ya rangi, akachukua debe ambalo mwenyewe alikuwa amewaambia wote kwamba rangi yake imeganda na wasiliguse. Akalipindua. Zilimwagika bolti nyingi kuliko za kuku na za Kija zikijumlishwa.

Walizirundika zote sakafuni na kuzipanga nane nane. Bado zilipungua. Wote watatu walimgeukia mjomba, ambaye sasa alikuwa akisoma maandishi ya boksi tupu kwa makini makubwa.

"Mjomba?" Kija aliuliza.

Mjomba alipumua. Aliingia ofisini akatoka na mto wa kiti chake, ule mto wa kitenge aliokuwa akiukalia tangu mwezi uliopita huku akilalamika kwamba kiuno kinamuuma na hajui sababu. Alichana mshono kwa kisu. Bolti zilimiminika kama mahindi.

Justa alikaa chini kwa kicheko. Okech alisema kwamba yeye alidonolewa na kuku kwa saa moja tu, lakini mzee alikuwa amejidonoa mwenyewe mwezi mzima.

Hawakupoteza muda zaidi. Kija aligawa bolti, Justa alishika ngazi, Okech na mjomba walikaza. Jua lilipokuwa likizama, vitanda thelathini vilikuwa vimesimama uwanjani, na bolti za vitanda vingine kumi zilibaki sakafuni. Kesho yake lori liliondoka kwa wakati. Huko Sengerema Sista alipanda kila kitanda akakitikisa kwa nguvu, akaridhika, akaagiza makabati.

Jumamosi jioni mjomba aliwaita wote stooni. Alileta makopo mawili makubwa, akayajaza bolti, akaliweka moja mbele na lingine nyuma yake. Alieleza kwamba watatumia la mbele tu. Likiisha, litatundikwa mlangoni kila mtu alione; la nyuma litasogezwa mbele, na siku hiyohiyo mtu ataenda kununua. Kopo la nyuma lilikuwa na bolti za kutosha kuwafikisha mpaka mzigo mwingine utakapoletwa, hata reli ikikatika.

"Kija, ulikosea kunidanganya," alisema, "na ulifanya vema kusema mapema kuliko sisi watu wazima. Sasa sikilizeni wote, na mimi nikiwemo. Akiba inayojulikana na wote ni mali ya karakana. Akiba anayoijua mmoja tu, siku ya shida ni sawa na kitu kisichokuwepo. Tulikuwa na bolti za kuzidi oda, na tulikaribia kufunga kazi kwa kukosa bolti. Hatukukosa chuma. Tulikosa kuambiana ukweli."

Okech alisema kuku wake amesikia.

Jumatatu jioni Kija alipita karakana akitoka shule, na mjomba akaja na mto mpya chini ya kwapa. Kabla hajauweka kitini, Kija aliuomba kwa heshima, akauminya pande zote nne, akaubonyeza na katikati. Ulikuwa na pamba tupu. Akamrudishia.