Kufuli la Alban

Makufuli yalikuwa matatu, na mafundi ndani ya ua wa kituo cha umeme walikuwa wawili tu, Odile Thibodeau na Lorne Muise. Katika pwani ile ya Nova Scotia, kila fundi hutundika kufuli lake kwenye swichi kuu kabla ya kugusa chochote, na umeme haurudi mpaka alifungue mwenyewe. La tatu lilikuwa na jina la Alban, kaka yake Odile. Alifia humu humu, wenzake walipowasha umeme angali ndani. Kufuli lake lilizikwa naye. Mama alimtilia mfukoni kwa mkono wake.

"Mzaha wa nani huu, dada?" Lorne alinong'ona.

"Sijui. Tulikate, turudishe umeme, tuondoke. Betri ya mashine ya mama inakwisha."

Mama yao Odile na Alban alikuwa akipumua kwa mashine, nyumbani, nyuma ya kanisa ambalo mnara wake ulikuwa umemezwa na ukungu tangu asubuhi.

Lakini kufuli la mtu halikatwi kabla mwenyewe hajaitwa, ihakikishwe ametoka. Lorne, anayefuata taratibu hata usingizini, akaita kabla Odile hajamziba mdomo.

"Alban Thibodeau, umetoka?"

"Bado nimo ndani," sauti ikajibu nyuma ya transfoma.

Harufu ya mwani ikapotea, ikaja ya nywele zilizoungua. Lango likajibamiza. Lorne akalivuta mpaka viganja vikachubuka, lisitikisike, na transfoma isiyokuwa na umeme hata chembe ikaanza kunguruma, polepole, huku nyayo zikisaga kokoto, zikiwazunguka, zikisogea, na Odile akashikwa na hofu na upendo pamoja, maana sauti ile alikuwa ameililia kila siku tangu wamzike.

"Kaka," alisema, "nenda nyumbani. Mama anahitaji umeme."

Nyayo zikakoma. Kufuli likafunguka lenyewe, likaanguka. Wakafungua yao, wakapandisha swichi. Lango tu ndilo lililokataa kufunguka.

Simu ya Odile ikalia. Alikuwa mama, akicheka na kulia.

"Odile, mashine imewaka. Na Alban amerudi. Ananuka moshi, lakini nimemfungulia."

"Mama, mwambie atoke. Tafadhali."

"Hanisikii, mwanangu. Ameshika waya wa mashine yangu. Anasema lazima azime, maana wewe bado umo ndani."