Chura Aliyeziba Pua

Mniwie radhi mapema: kisa hiki nitakiharibu. Mimi ni mchekeshaji; nimezoea jukwaani, ambako mtu akitetemeka hupigiwa makofi.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtafiti wa vyura. Ndiyo, kazi hiyo ipo. Hata dada aliuliza mara mbili kabla ya kukubali posa. Jioni ile ilikuwa ya mwisho ya utafiti wake kwenye kinamasi kimoja. Kwa miaka tisa aina moja ya chura mdogo wa kinamasi kile hakuwa amesikika, na asiposikika siku hiyo, kinamasi kingekaushwa kupisha barabara. Shemeji alikilea kama mtoto wa kuomba. Mimi nilienda kubeba spika.

Kazi yenyewe iko hivi: unapiga sauti ya chura iliyorekodiwa zamani, unanyamaza dakika tano, unasikiliza. Kama dume yupo, wivu utamfanya ajibu. Tulikuwa na msaidizi wake, tuliyemwita Mama Glavu kwa sababu hubadilisha glavu kwa kila chura anayemshika, wasije wakaambukizana magonjwa.

Tukapiga mara ya kwanza. Kimya. Mara ya pili. Kimya. Shemeji alikuwa amekaa juu ya ndoo, fomu ya matokeo magotini, uso umemshuka kama wa mfiwa.

Huruma ikaniponza. Nikajisogeza nyuma ya matete, nikaziba pua, nikaiga: krrr-tik. Krrr-tik.

Shemeji akaruka. "Mmesikia?" akanong'ona.

"Tumesikia," akasema Mama Glavu, akinitazama kwa jicho la pembeni. "Tena huyu namfahamu, anavaa kofia."

Nikafungua kinywa nikiri. Nikajibiwa.

Krrr-tik. Kutoka katikati ya maji. Ileile, ila nzito, kama imetoka kwenye kifua cha mtu.

"Yupo!" Shemeji machozi yalimlenga. "Shemeji, yupo!"

Ikaja tena. Karibu zaidi. Maji hayakutikisika. Matete hayakutikisika.

Mama Glavu akanishika mkono. "Kaka," akanong'ona, "mbona chura huyo naye anaziba pua?"

Kisha ikaja nyuma yetu. Ikafuatiwa na kicheko. Kicheko changu.

Sikuwa nimecheka.

Tukakimbia. Spika tukaiacha. Garini tukafunga milango, tukahema, Shemeji akawasha taa. Kwenye kioo cha mbele, upande wa ndani, palikuwa na alama ya kiganja. Mbichi. Inachuruzika. Vidole vinne, kama vya mguu wa mbele wa chura.

Mazoea yana taabu: Shemeji akatoa rula, akapima.

"Sentimita kumi na tisa."

Mama Glavu akavaa glavu mpya.

Asubuhi fomu ilitaka jibu moja: amesikika au hajasikika? Shemeji alishika peni hadi chai ikapoa. Akaandika: amesikika. Barabara ikapelekwa kwingine, kinamasi kikapona, naye akapewa jukumu la kwenda kusikiliza kila wiki, mwaka mzima. Siku hizi mvua ikikatika, Shemeji huacha tonge hewani, akageuza sikio dirishani. Alama kwenye kioo imeoshwa kwa sabuni, kwa spiriti, kwa mchanga. Kila asubuhi ni mbichi.

Dada ananiuliza ni nani aliyemwita mdudu huyo. Majirani wanalaumu mizimu. Jamani, mizimu ilikuwa imejilalia! Miaka thelathini jukwaani nimeomba nipate walau mtazamaji mmoja wa kuniambia, "Rudia."

Nimempata, yule wa kinamasini, na anakuja kila mvua ikikatika.