Hodi Kutoka Ndani ya Ndege

Namtanguliza Mola, awashikiliaye ndege angani wasianguke, na baada ya kumsifu nawataka radhi mnaonisikiliza. Mimi ni Khalfan bin Mbaruku, asili yangu Pangani, makazi yangu Maple Grove, huku ughaibuni, kwa mwaka wa ishirini na sita sasa. Nitakayoyasimulia hayakunipata mimi. Yalimpata Tulia, binti wa marehemu mdogo wangu, aliyekuwa fundi wa ndege katika banda moja nje kidogo ya Anoka.

Bandani mlikuwa na ndege ya mabawa mawili, ya mbao na kitambaa, iliyoundwa mwaka 1929. Aliyeirusha kwanza alikuwa mwanamke, jina lake Margaret, katika zama ambazo marubani wanawake walikuwa wachache mno. Siku moja alisimama mbele ya pangaboi la puani mwa ndege ili alizungushe kwa mikono, kama ilivyokuwa desturi ya kuwasha injini za wakati ule. Akamwuliza mshirika wake, mwanamume aliyekaa kitini: "Umezima?" Akajibiwa: "Nimezima." Hakuwa amezima swichi. Pangaboi lilimkata mikono yote miwili, likarudi likampasua shingo. Mahakama ilikiita kifo chake ajali. Ndege ikabaki kwa yule mshirika, kisha kwa mjukuu wake, naye ndiye aliyemwajiri Tulia.

Mjukuu huyo mwenyewe alikwisha kuwa mzee, na daktari alikuwa amemkataza kurusha ndege. Kwa hiyo, japo kwa shingo upande, mbele ya waandishi wa habari alitoa ahadi: Tulia akiifufua injini, ndiye atakayeirusha siku ya kuwakumbuka marubani wanawake wa mwanzo. Tulia aliihangaikia leseni yake ya urubani miaka minne. Hakutaka kitu kingine duniani.

Alhamisi moja ya Oktoba, adhuhuri, jua limejaa mlangoni, Tulia alikuwa amelala chali chini ya ndege, mikono imejaa grisi. Akasikia kubishwa. Mara tatu, kimya, mara tatu tena. Akaitika kama ambavyo yeyote kati yetu angeitika, bila kutazama:

"Karibu! Pita ndani."

"Dada, unasema na nani?" Ilikuwa sauti ya Eliezer, fundi mwenzake, Mkongo wa Uvira. Ilitoka mbali, kwenye maegesho ya magari.

"Si wewe uliyebisha?"

"Miye niko huku inje, nakula." Akacheka. "Nyinyi Watanzania, hata nyoka mutamukaribisha!"

Ndipo Tulia akatambua kwamba kubishwa kulitoka juu yake, ndani ya ndege; akapanda ngazi, akachungulia kiti cha rubani. Hapakuwa na mtu. Mkanda wa kiti ulikuwa umefungwa, umekazwa, kana kwamba umezunguka kiuno.

Alinipigia simu. Nikamwuliza ulikuwa mlio gani. Akanong'ona:

"Mzito, Baba Mkubwa. Si wa vidole. Kama mtu anayegonga kwa paji la uso."

"Umekwisha kumkaribisha mgeni, mwanangu, wala hukumwuliza jina. Usiende tena huko."

"Jumamosi tunawasha injini. Nitakwenda."

Akaenda.

Jumamosi asubuhi yule mzee mwenye ndege aliketi kitini akafunga mkanda. Tulia akasimama mbele. Kwanza pangaboi huzungushwa swichi ikiwa imezimwa, ili injini ivute mafuta. Hapo uhai wa anayezungusha umo katika neno moja la aliyeketi.

"Umezima?"

"Nimezima, binti. Zungusha."

Eliezer, aliyesimama ubavuni, alikiona kidole gumba cha mzee kikiisukuma swichi. Kikiwasha. Akafungua kinywa apige kelele. Hakuwahi.

Tulia alilishika pangaboi. Akalivuta.

Kitu kikamkamata ukosi wa koti, nyuma ya shingo. Haukuwa mkono. Yalikuwa meno. Kikamtupa chali pembeni, na pangaboi likapita pale kilipokuwa kifua chake. Injini ikanguruma. Ndege ikavivuka vizuizi vya magurudumu. Mzee aliivuta swichi, haikurudi. Aliuvuta mkanda, haukufunguka. Alilia kama mtoto. Ndege ikaligonga lango la chuma, pangaboi la mbao likavunjika, vipande vikaruka nyuma kwa aliyeketi. Akainua mikono kuukinga uso.

Mikono ikakatika.

Kipande cha pili kikaingia shingoni. Damu ikatapakaa juu ya kitambaa mpaka ncha ya bawa. Kisha kimya. Katika kimya hicho, mbele ya macho ya Eliezer, swichi ikajizima yenyewe.

Polisi nao waliandika ajali. Tulia yu hai, anarusha ndege nyingine, upande wa Lakeville, na wala hasemi tena "karibu" kabla ya kuona uso. Koti lile hakulitaka. Alinikabidhi mimi, nami nimelitundika nyuma ya mlango wangu. Ukosini zimo alama za meno, safu ya juu na safu ya chini.

Jioni hulitundika wazi. Asubuhi nalikuta limefungwa vifungo vyote, limejaa, limetuna kifuani na mabegani kama lililovaliwa.

Mikono yake tu ndiyo huning'inia mitupu.

Mola awalinde nyote mliosikiliza, azihifadhi shingo zenu na mikono yenu, na amjaalie kila atakayebisha kwenu awe na jina la kujitaja. Amina.