Upepo wa Singida

Nje ya jiji la Singida, katikati ya mashamba ya alizeti, kulikuwa na sitaha ya manowari iliyopanda na kushuka kana kwamba bahari iko chini yake. Bahari haikuwepo. Ilikuwa mbali huko mashariki, safari ya nusu siku hata kwa treni ya sumaku, na chini ya sitaha ile palikuwa na nguzo nene za haidroli zilizozamishwa ardhini. Mtambo huo waliuita sitaha-yumba. Maboya yaliyotiwa nanga mashariki ya Mafia yalipima kila wimbi lililopita na kutuma vipimo Singida, na papo hapo sitaha ikainuka, ikalala ubavu au ikazamisha pua, wimbi lilivyotaka. Kuku wa majirani walikwisha kuuzoea mtambo. Waliotapika ni wageni.

Shirikisho lilikuwa limeagiza manowari-uwanja, yaani meli yenye kiwanja cha ndege mgongoni, na meli ikachelewa miaka na miaka. Marubani hawangeweza kukaa bure wakiingojea. Kutua melini si kama kutua uwanjani. Ndege huja kwa kasi na ndoana imening'inia mkiani, na ndoana hiyo lazima inase waya mmojawapo kati ya nyaya zilizotandazwa sitahani. Ikikosa, rubani hufungulia injini zote na kupaa tena kabla sitaha haijamwishia. Basi, kwa kuwa marubani hawakuweza kwenda baharini, bahari ikaletwa kwenye alizeti.

Hakuna aliyetua pale vizuri kama Meja Tumpale Mwakyoma. Alasiri ile alikuja akitokea kaskazini, sitaha ikiyumba vibaya, akashika redio na kusema neno lile waliloambizana wote tangu mwanzo wa kambi.

"Hodi."

"Karibu, Afande," akajibu Sajini Msengi, mpokezi, aliyesimama kando ya sitaha na redio yake mkononi.

Ndiyo ilikuwa desturi ya Singida. Haikuandikwa katika kanuni yoyote, lakini rubani ambaye hakuitikiwa hakutua, hata taa zote ziwe za kijani. Alizunguka akapiga hodi upya. Makao makuu waliwahi kuwacheka, wakasema hawa wanaendesha ndege za kivita kama wanaenda kwa shemeji. Wao hawakujali. Mpokezi alikuwa ni macho ya mtu, na Tumpale hakupenda kushuka mahali ambapo hakuna mtu anayemngoja.

Alinasa waya wa tatu. Ndege ikasimama kwa kishindo, mshipi ukambana kifua, na mbele yake, kupitia kioo, akaona tena yale maua ya manjano. Kila siku aliyaona, na kila siku yalimuuma. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne. Rubani wa melini, kwa kanuni, mwisho wake ni arobaini na tano. Alikuwa amekataa kuendesha ndege za viongozi, amekataa cheo cha ofisini, amekataa hata posa ya mtu mwema wa Tukuyu ambaye hakutaka mke wa kuishi kambini, yote hayo ili atue baharini. Sasa alikuwa akitamani hata mara moja tu. Usiku mwingine aliota harufu ya chumvi akaamka amekasirika.

Meli ilipokamilika, ndipo mabishano yalipoanza. Bunge la Shirikisho lilitakiwa kuidhinisha ununuzi wa ndege zake, na ndege ya Kipanga iliuzwa kwa namna mbili: Kipanga chenye kiti cha rubani, na Kipanga kisicho na kiti. Hicho cha pili kingeongozwa na akili mnemba iliyoitwa Mwigo, kazi ya Mhandisi Machano Faki wa Unguja, mtu mpole mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapoulizwa swali gumu.

Kamati ya Ulinzi ilikaa Dodoma juma zima, na Tumpale aliitwa kama mtaalamu. Upande mmoja ulisema kiti ni mzigo: kinataka hewa, kinataka mtambo wa kumrusha rubani nje, kinakula nafasi ya mafuta, na zaidi ya yote kinabeba mtoto wa mtu. Upande wa pili uliuliza, mashine ikipiga mahali pasipostahili, nani atasimama kizimbani? Mbunge mmoja wa Kigoma akataka kujua kama Mwigo unaogopa. Machano akafuta miwani, akajibu kuwa hauogopi. Mbunge akasema basi hapo ndipo wasiwasi wake unapoanzia, akaketi. Mwenyekiti, Mheshimiwa Ghati Marwa, aliyekuwa mwalimu mkuu kabla ya siasa, hakumruhusu mtu kurudia hoja iliyokwisha kusemwa, na ndiyo maana kikao kilikwisha ndani ya juma moja badala ya mwezi.

Siku ya mwisho Machano aliombwa aeleze Mwigo umejifunza wapi.

"Haukubuniwa hewani, Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema. "Umefundishwa na rubani bora kuliko wote tulio nao. Kila alipotua Singida tulirekodi mkono wake, mguu wake na macho yake. Ni Meja Mwakyoma."

Akamgeukia Tumpale, akainamisha kichwa kwa heshima, na wabunge wakapiga meza. Tumpale hakujua atazame wapi. Aliambiwa vihisio vilivyoshonwa kwenye kofia yake ni vya kuboresha mafunzo, naye akaamini, maana ni kweli, ila hakuuliza ni mafunzo ya nani. Alijisikia kama mtu anayeikuta nguo yake mwilini mwa mwingine, tena imempendeza. Miaka yote ile alidhani anajiandaa kwenda baharini. Kumbe alikuwa anamwandaa mwenzake.

Mheshimiwa Ghati alifunga kikao kwa kusema kuwa maneno yametosha. Kamati itapanda melini na kuuona Mwigo ukitua mara mbili kwa macho yake. Ukitua salama, viti havitanunuliwa.

Siku ya jaribio Tumpale alifika melini kama abiria, ndani ya helikopta, kati ya wabunge wawili waliofumba macho. Bahari aliijua, kwa kuitazama akiwa ufukweni kama watu wote. Hakuwahi kuiona kutoka mnara wa meli ile, bluu imezunguka pande zote bila ua hata moja, na sitaha halisi ikipumua chini yake. Akajishika kwenye chuma cha dirisha, watu wasione anavyotamani.

Meli ilijengwa bila nafasi ya mpokezi, kwa kuwa taa na rada zilifanya kazi hiyo. Sajini Msengi, aliyehamishwa kutoka Singida, alikuwa amevikwa fulana ya njano na kupewa kazi ya kuchomoa waya kwenye ndoana, akisimama na wenzake ukingo wa kushoto wa sitaha. Redio yake ya zamani bado ilining'inia kiunoni, kwa mazoea tu. Alipomwona Tumpale juu kule, alimpungia mkono.

Kipanga cha kwanza kilikuja kimenyooka. Kilikuwa na pua laini isiyo na kioo, na kilishuka kwa utulivu ambao Tumpale aliutambua mara moja, maana ulikuwa wake. Halafu, sekunde chache kabla ya kugusa, kikainamisha bawa la kushoto. Kidogo tu. Kikasogea kushoto, kikagusa, kikanasa waya wa mwisho, kikasimama. Wabunge wakashangilia. Machano akafuta miwani kwa furaha. Tumpale naye akapiga makofi, lakini macho yake yalibaki kwenye lile bawa la kushoto.

Kaskazini ya sitaha-yumba kulikuwa na kilima chenye majabali. Kila alasiri upepo wa mashariki ulikikwepa kilima kile na kuipiga ndege ubavuni, upande wa kushoto, ghafla, pale pale rubani anapokaribia kugusa. Ukingoja uupime kwanza, umechelewa. Tumpale alizoea kuushusha ubavu wa kushoto kabla upepo haujafika, akiwa hata hafikiri, kama mtu anavyoinama kwenye mlango mfupi wa nyumba aliyokulia. Mwigo haukujua habari za kilima. Uliona mkono wa mwalimu ukifanya hivyo kila mara, ukadhani ndivyo watu wanavyotua.

Kipanga cha pili kilikuwa kimekwisha kuanza kugeuka nyuma ya meli, na bahari ilikuwa inachafuka. Sitaha ikilala kulia na kuuinua ukingo wa kushoto wakati ndege imelala kushoto, ndoana itakosa nyaya zote, na bawa litafagia ukingo ule walikosimama wale wa fulana za njano.

Alichohitaji Tumpale ni kunyamaza tu. Jaribio lingeharibika, viti vingenunuliwa, na kabla ya mwaka kwisha angekuwa ametua baharini. Wazo hilo lilimjia zima zima, na kwa muda wa pumzi moja alilitaka. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kulificha. Kisha akamwona Msengi anavuta suruali juu, anajiweka sawa kuipokea ndege.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, isitue," alisema.

"Ya kwanza imetua vizuri, Meja."

"Inautafuta upepo wa Singida. Hapa haupo. Izuieni, itaua watu."

Mheshimiwa Ghati alimtazama usoni mara moja, kama alivyowatazama watoto wengi wa shule hadi akajua kumtambua anayesema kweli, akamgeukia Machano na kumwamuru aizuie. Kipanga kilipita juu ya meli kwa mngurumo, bawa la kushoto limeinama juu ya vichwa vya watu, kikaelekea kutua nchi kavu.

Wabunge waliotaka viti vinunuliwe walifurahi kupita kiasi. Walisema ushahidi ndio huo. Machano, uso umemsawijika, alieleza kwamba kosa linarekebishika: Mwigo unahitaji kuuona mkono ule ule ukitua bahari ya kweli, alasiri moja tu, ujue kipi ni cha kutua na kipi ni cha kilima. Alieleza yote bila kumtazama Tumpale. Basi Mwenyekiti ndiye aliyeuliza.

"Meja, ukiufundisha, utatua vizuri kuliko wewe?"

Angeweza kusema hapana. Wengi walikuwa wanaomba aseme hapana.

"Utatua vizuri kuliko mimi," alisema. "Hauchoki, wala hauzeeki."

Juma lililofuata Tumpale alipaa kutoka nchi kavu, kwenye Kipanga cha majaribio chenye kiti, kofia imejaa vihisio. Safari hii Machano alirekodi kila kitu, hadi redio, asije akaacha jambo tena. Meli ilionekana mbali, ndogo kama kiberiti juu ya bahari. Tumpale alilia kidogo ndani ya kofia, akajikaripia, akajipanga nyuma ya meli.

"Hodi," alisema.

Redio ikakaa kimya. Halafu sauti ya Machano ikatoka mnarani, ikimwambia sitaha ni ya kijani, atue.

Tumpale alifungulia injini, akapita juu ya meli, akapaa upya. Machano akauliza kuna hitilafu gani. Tumpale alizunguka duara zima, akarudi pale pale nyuma, na kusema tena neno lile lile. Ukingoni mwa sitaha, mtu wa fulana ya njano alikuwa amechomoa redio kiunoni.

"Karibu, Afande," akasema Msengi. "Karibu baharini."

Mabawa yalikaa sawa. Mkono wa kushoto ulitaka kuinama, akaunyima. Akanasa waya wa tatu, na kishindo kile kile cha siku zote kikambana kifua, ila mbele ya kioo hapakuwa na ua hata moja. Alitua tena na tena alasiri ile, na kila mara alipiga hodi, na kila mara aliitikiwa. Kisha Machano akatangaza kwa sauti ndogo kwamba Mwigo umeonyesha umetosheka. Tumpale akaomba mara moja zaidi. Machano alijua mafuta yanavyohesabiwa, lakini alimruhusu, na hakuirekodi hiyo.

Kamati ilirudi siku ya jaribio la marudio. Bahari ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Tumpale alisimama safari hii chini, ukingoni, karibu na Msengi, kwa ombi lake. Kipanga kisicho na kiti kikaja, mabawa sawa sawa kama rula. Taa za kijani. Waya tayari. Kikakaribia, kikakaribia, halafu kikafungulia injini na kupita juu yao.

Kikazunguka. Kikaja tena, kikapita tena. Mnarani, Machano alikuwa anapekua vioo vya kompyuta zake, kila kipimo kinamwambia hakuna hitilafu. Mara ya tatu mbunge wa Kigoma alisikika akiuliza kama sasa umeanza kuogopa.

Msengi alielewa wakati mmoja na Tumpale. Alichomoa redio, akaipeleka mdomoni, kisha akabadili nia na kumkabidhi yeye. Tumpale aliishika kwa mikono miwili. Ndege ilikuwa imejipanga nyuma ya meli, haina sauti ya kupiga hodi, haina mtu ndani. Inangoja, kama alivyoifundisha.

Aliutazama ule mwili mweupe unaoshuka kwa mkono wake mwenyewe, kuelekea mahali alipopataka maisha yake yote, akabonyeza kitufe cha redio.

"Karibu," alisema.

Ikatua.