Nyama ya Mguu wa Kulia

Bibiana na mumewe, Mathias, walikuwa wakulima wa Kisanga. Asubuhi walilima shamba la kijiji cha ujamaa. Alasiri walikwenda kisomo cha watu wazima. Binti yao, Lea, alikuwa na miaka mitatu.

Mwaka 1974, wakati wa kupanda, Bibiana alianguka kutoka kwenye tela la trekta. Gurudumu lilimchuna mguu wa kushoto. Nyama ya mbele ikatoka, mfupa ukaonekana.

Mathias alipaka majivu na majani yaliyopondwa. Miezi mitatu ikapita. Kidonda kilinuka. Bibiana alikaa mlangoni akiwatazama wenzake wakienda shambani. Alitamani hata kule kuchoka kwao.

Siku moja Mama Siwema, muuguzi wa zahanati, alifika.

"Shikamoo, mama," alisema Bibiana.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmekaa na kidonda hiki nyumbani?"

Alikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa. Akakifunika kwa kitambaa safi.

"Acheni majivu," alisema. "Yanaingiza uchafu. Na mfupa mtupu hauoti ngozi. Lazima ufunikwe na nyama iliyo hai."

"Nyama ya nani?" aliuliza Mathias.

"Yake mwenyewe. Mpeleke hospitali kubwa."

"Watanikata mguu," alisema Bibiana.

"Ukiendelea kukaa hapa, ndipo watakapoukata."

Walipanda treni Kilosa hadi Dar es Salaam. Lea alibaki kwa bibi yake.

Hospitalini, daktari aliugusa mguu wa kulia, ule mzima. "Tutainua kipande cha ngozi na nyama kwenye shavu la mguu huu," alisema. "Tutakishona juu ya mfupa wa mguu mwingine. Lakini upande mmoja tutauacha ulipo, ili damu iendelee kupita. Miguu yako itafungwa pamoja wiki tatu."

"Kwa nini msikikate chote mkakibandika?" aliuliza Mathias.

"Kikikosa damu kitakufa. Ng'ambo wameanza kuunganisha mishipa midogo ya damu kwa hadubini. Sisi hapa bado."

Mathias alirudi kuvuna. Bibiana alilala amefungwa plasta ngumu, hawezi kugeuka. Mgongo uliuma. Lakini kilichomwumiza zaidi ni Lea. Kila mtoto aliyelia wodini, alidhani ni wake.

Wiki ya pili ilikuja barua. Mwandiko ulikuwa mkubwa na umepinda. Ilikuwa barua ya kwanza ya Mathias maishani. Bibiana aliisoma polepole, kwa kidole:

"Mama Lea. Hatujambo. Mahindi tumevuna. Lea anakula. Jioni anakaa njiani kukungoja. Mimi pia."

Alifunika uso kwa shuka, akalia.

Wiki tatu zilipotimia, madaktari waliitenganisha miguu. Kile kipande kilikuwa na joto na rangi nzuri. Kilikuwa kimeanza kulishwa na mguu wa kushoto. Wakampa magongo, akajifunza kutembea upya.

"Ngozi hii haina hisia sawasawa," daktari alimwonya. "Jihadhari na moto. Itazame kila siku."

Alirudi Kisanga baada ya miezi minne. Lea alijificha nyuma ya baba yake. Kisha akasogea, akaigusa ile sehemu iliyotuna kwenye mguu wa mama yake.

"Nyama hii ya nani?"

"Yangu. Mguu huu wa kulia umeupa mwenzake."

Lea alifikiri kidogo. "Utaondoka tena?"

"Siondoki."

Mtoto akanyoosha mikono. Bibiana alimbeba, akatembea naye taratibu hadi ndani, kwa miguu yake miwili.