Waliotangulia Nikolasi

Jioni ya tarehe tano Desemba nilitoka kuchukua kuni nyuma ya nyumba. Theluji ilikuwa imeacha kuanguka, na giza lilikuwa linashuka upesi kutoka mlimani kama linavyofanya huku kwetu Bayern, kusini mwa Ujerumani, msimu huo. Binti yangu Afra alikuwa amebandika pua kwenye kioo cha dirisha. Hata nilipokuwa nje nilimsikia akiongea.

Afra ana miaka sita. Alikuwa akiongea tangu anaamka mpaka analala. Aliongea na paka, na jiko, na kijiko chake. Mungu anisamehe, siku ile kichwa kilikuwa kinaniuma tangu asubuhi.

Mama mkwe wangu, Notburga, akachungulia kutoka zizini. Ng'ombe wetu alikuwa anazaa.

"Kreszenz, wakija kabla sijamaliza, wasubirishe nje. Wapige magoti kwanza."

"Najua, mama."

"Unajua, unajua. Mwaka jana uliwapokea na sufuria mkononi kama muuza supu."

Desturi yetu ni kwamba, mkesha wa Mtakatifu Nikolasi, vijana hujifunga mabua ya ngano mwili mzima, wakavaa vinyago vyenye pembe, wakamsindikiza mwenzao aliyevaa kiaskofu, ndiye Nikolasi. Kabla ya kuvuka kizingiti chochote huvua vinyago, hupiga magoti kwenye theluji na kusali, nasi huwanyunyizia maji ya baraka. Ndipo huingia kutisha watoto na kugawa karanga na machungwa. Nikolasi humuuliza mama kosa la mtoto, kisha huuliza mara tatu, "Tumchukue, au tumwache?" Mara mbili mama hunyamaza, mtoto atetemeke kidogo. Mara ya tatu husema, "Mwacheni, ni wangu."

Nilikuwa napanga kuni kando ya jiko mlango ulipogongwa.

Mara moja tu.

Sikuwa nimesikia kengele. Watu wa mabua hufunga kiunoni kengele kubwa za ng'ombe, na husikika ng'ambo ya bonde. Nikajiambia theluji imemeza sauti... nikafungua.

Askofu alisimama mbele, mrefu, kanzu yake ikiburuta chini. Nyuma yake walikuwa watatu wa mabua. Kengele walikuwa nazo. Zilikuwa zikiyumba huku na huku.

Hazikulia.

"Ingieni basi, baridi inaingia," nikasema. Sikuwapigisha magoti. Maji ya baraka yalikuwa palepale ukutani, kwenye kibakuli, karibu na kiwiko changu. Uvivu tu, sina neno jingine.

Mabua huwa yananukia ghala wakati wa kiangazi. Haya yalinuka udongo uliofukuliwa mvua ikinyesha.

Afra akajificha nyuma ya sketi yangu, lakini mdomo haukupumzika. "Mama, huyu siyo Vitus. Vitus ana buti kubwa. Huyu nimechungulia chini ya kanzu, mama, hana kitu. Mama, chini hakuna kitu."

Vitus ni jirani yetu. Yeye ndiye aliyepangwa kuwa Nikolasi.

"Kosa lake?" askofu akanong'ona.

"Kelele. Hanyamazi hata akila."

"Tumchukue, au tumwache?"

Nikanyamaza, kama ilivyo desturi.

"Tumchukue, au tumwache?"

Hapo pia nilipaswa kunyamaza. Mimi nikacheka. "Mwacheni mtoto," nikasema. "Chukueni sauti yake, nipumzike hata wiki moja."

Hakuuliza mara ya tatu.

Mmoja wa wale wa mabua akachuchumaa mbele ya Afra, taratibu, akafunua kikapu alichobeba. Mtoto alikuwa katikati ya neno.

"Mama, anani..."

Kifuniko kikafungwa.

Midomo ya Afra iliendelea kwenda. Ilikwenda, ikaenda... wala hapakuwa na kitu.

Nilipoinua kichwa, mlango ulikuwa wazi na jikoni tulikuwa wawili tu. Kisha, mbali bondeni, nikasikia kengele. Kengele za kweli. Zikapanda mpaka uani, Vitus na vijana wake wakavua vinyago na kupiga magoti.

"Kreszenz, mbona umepauka?" Vitus akatania. "Hata hatujaanza kutisha."

Notburga akaja akijifuta mikono. Akamtazama Afra. Akanusa hewa.

"Waliotangulia, walipiga magoti?"

"Hapana, mama."

Hakunigombeza. Siku zote hunigombeza.

Daktari alisema koo ni zima, ni mshtuko. Padre alibariki nyumba, chumba kwa chumba, akatuambia tusali. Tunasali. Vitus aliapa kwamba bonde zima halikuwa na kundi jingine.

Wiki moja ikapita. Sauti haikurudi ndani ya Afra.

Ilirudi nje.

Mara ya kwanza niliisikia nyuma ya kuni, ikiongea na paka. Jioni iliyofuata ilikuwa zizini. Halafu chini ya dirisha. Sasa, theluji ikianguka tu, huja mlangoni.

"Mama, nifungulie. Kuna baridi."

"Usiitikie," Notburga huninong'oneza, rozari mkononi. "Kilichoingia bila baraka hakikaribishwi mara ya pili."

Lakini ni sauti ya mwanangu. Je, kama imetoroka kikapuni na inatafuta njia ya kurudi kwake?

Jana ilipoita sikuweza kuvumilia. Notburga alikuwa zizini. Nikafika mlangoni, nikashika komeo. Afra akaruka kutoka kwenye benchi, akaniziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa akitikisa kichwa, machozi yakimtoka. Nikaisoma midomo yake.

*Siyo mimi.*

Nje, sauti ikawa kama inasikiliza. Kisha ikasema kwa upole kabisa,

"Mama, huyo uliye naye ndani... muulize jina la paka."

Nikamtazama mtoto. Naye akanitazama. Midomo yake haikusogea.

Nikaachia komeo. Nikakaa chini, nikampakata kwa nguvu, kwa sababu lazima mama ampakate mmoja. Na nje sauti iliendelea kubisha hodi, polepole, kama mtoto aliyefunzwa adabu.